Ngumbaru wa Chuo Kikuu

Neno ngumbaru si neno la adabu sana. Zamani lilitumiwa kwa mtu mzima asiyejua kusoma wala kuandika, kisha likahamia kwenye darasa lenyewe alilowekewa mtu huyo. Na mpaka leo mtu akisema kwamba aenda ngumbaru, husema kwa kicheko kidogo, kana kwamba ataka kujicheka kabla wengine hawajamcheka. Baba yangu alifundisha darasa la namna hiyo katika miaka ya 1970, wakati wa jioni, watoto wa shule walipokwisha kwenda zao. Alituhadithia kwamba wanaume walificha daftari ndani ya shati mpaka wafike mlangoni, na wanawake walizifunga ndani ya kanga. Haya ilikuwa kubwa, lakini haja ilikuwa kubwa zaidi, wakaja.

Naanza na neno hilo kwa kuwa nalisikia tena mahali ambapo sikulitazamia, napo ni chuo kikuu. Katika darasa langu la jioni la Kiswahili huketi watu waliotoka shuleni miaka 15, 20, na hata zaidi ya 25 iliyopita. Wamo makarani, askari, walimu wa shule za msingi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na muuguzi mmoja ambaye nitarudi kwake. Wao kwa wao huitana ngumbaru. Sijapata kumsikia kijana akiwaita hivyo. Ni jina lao wenyewe, na nadhani hulitumia kama ngao.

Shida ya kwanza ya darasa hilo haikuwa ya elimu, ilikuwa ya salamu. Mimi nimetimiza miaka 44. Muuguzi niliyemtaja alikuwa na miaka 53 alipoanza. Siku ya kwanza nilipoingia, aliinuka akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Kwa desturi yetu mdogo humwamkia mkubwa, na mwanafunzi humwamkia mwalimu wake. Ni haki ipi kati ya hizi iliyo na nguvu zaidi, ya umri au ya ualimu? Vijana walinyamaza kungoja hukumu. Mimi sikuitikia. Nilimwambia, "Shikamoo, Mama." Akasita, akacheka, akajibu, "Marahaba, baba," kisha akaongeza upesi, "Mwalimu." Tangu siku hiyo ndio utaratibu wetu: mimi humwamkia mlangoni, naye huniita Mwalimu mkutano unapoanza. Wenzangu wawili wameniambia kwamba kwa kufanya hivyo nashusha cheo cha mhadhiri. Sikubaliani nao, wala sioni kwamba vijana wamepungua heshima kwangu. Kinyume chake, na wao wameanza kumwamkia, jambo ambalo wiki za kwanza hawakulifanya, maana walidhani kwamba mtu akikaa benchi moja nao amekuwa wa rika lao.

Watu hupenda kutuletea methali ya samaki akunjwaye angali mbichi, wakitaka kusema kwamba aliyepitwa na ujana hakunjiki tena. Kwa maoni yangu methali hiyo ni ya malezi, nayo ni kweli katika malezi. Tabia hukunjwa mapema. Lakini elimu ya mtu mzima si kukunjwa. Huja mwenyewe kwa miguu yake, amelipa nauli, akijua anachokitaka.

Tena pwani yetu ilikwisha kulijibu swali hili zamani. Maneno darasa na darsa yametoka katika shina moja la Kiarabu, lakini kwetu yameachana njia. Darasa ni chumba cha watoto wa rika moja. Darsa ni kikao cha msikitini, aghalabu baada ya alasiri au magharibi, ambapo shehe husoma kitabu na kukifasiri, na mbele yake kijana wa miaka 15 huketi ubavuni mwa mzee wa miaka 70. Katika Lamu, penye Msikiti wa Riadha ulioasisiwa na Habib Saleh, na katika Unguja vilevile, hapana amwulizaye mzee kwa nini amekuja darsani. Labda ataulizwa asiyekuja. Sisi wa vyuo vya kisasa tulirithi darasa tukaisahau darsa, na kwa hiyo mwanafunzi mwenye mvi hutushangaza.

Hata hivyo nchi yetu haikuanza na mshangao huo. Mwaka 1961 kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam, kwa mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford, ambacho tangu 1899 kilipokea wafanyakazi wasiopata nafasi ya masomo ya juu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 serikali ilihesabu kwamba waliobaki katika hali hiyo hawakufika 10 kwa mia. Kazi hiyo iliitwa Kisomo chenye Manufaa, na vitabu vyake vilifundisha herufi kwa habari za pamba, uvuvi na migomba, maana mkulima hatakiwi kuanza na hadithi ya paka na panya kama mtoto.

Liko jambo jingine ambalo vijana wangu hawalisadiki ninapowasimulia. Mwezi wa Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba kijana amalizaye kidato cha 6 asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza alitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na ndipo aje na ushahidi wa watu waliomwona akifanya kazi hiyo. Sharti hilo lilikuwa na makali yake. Wasichana walipungua upesi katika chuo kikuu, kwa kuwa miaka ya kungoja ndiyo iliyokuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, ikabidi wao waondolewe. Na baadaye sharti lilililegezwa kwa wote, mwisho likaachwa. Silisifu lote. Lakini lilikuwa na fikra moja ambayo naihuzunikia kupotea: kwamba miaka ya kazi ni akiba ambayo mwanafunzi huja nayo chuoni, si deni analodaiwa.

Siku hizi imekuwa deni. Mlango wa kuingia umepanuliwa, hilo ni kweli na nalishukuru. Sheria ya 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho humfuata mwanafunzi mahali alipo bila kumtoa kazini, na vyuo vingine vina madarasa ya jioni kama langu. Walakini mlango wa fedha ni mwingine. Miongozo ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kwa miaka ya karibuni, imemtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35. Kwa hiyo katika nusu karne tumejenga nyua mbili zinazotazamana. Uwa wa kwanza ulimwambia mtu, "Wewe bado mchanga, nenda kafanye kazi." Wa pili humwambia, "Umefanya kazi mno, umechelewa."

Naijua hoja ya wenye kukopesha. Fedha ni chache, vijana ni wengi, na mkopaji mzee yamkini atastaafu kabla ya kulipa. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni nzito na siwezi kuitikisa. Ya pili haina uzito. Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Aliye na miaka 40 amebakiwa na 20, muda wa kutosha kulipa. Tena yeye ana mshahara tayari. Kijana akihitimu hungoja ajira kwanza, pengine miaka kadhaa, na deni lake humngoja pamoja naye; karani wa miaka 40 aweza kuanza kukatwa mwezi ujao. Ningependa wakopeshwe hata nusu ya ada tu. Mwanafunzi wangu muuguzi hulipa ada kwa mshahara na kwa fedha za kikoba cha kina mama wa mtaani kwake, na muhula mmoja kikoba kilipochelewa kuvunjwa, alifanya mtihani kwa dhamana ya barua.

Nilisema nitarudi kwake. Kupachika kazi zake kwenye mtandao wa chuo kulimtesa muhula mzima, mpaka binti mmoja wa miaka 21 alipojitolea kumfundisha. Katika isimu aliogopa majina ya nadharia kama mtu aogopavyo mbwa wa jirani. Lakini jioni moja tulikuwa tukisoma maana za maneno, nikatoa mfano wa chango. Kamusi zimelipa neno hilo maana kadhaa: utumbo, mnyoo, na maumivu ya tumbo yanayohusiana na uzazi. Nilizieleza nikaendelea. Yeye akanyosha mkono. Akasema kwamba katika kliniki ya mama wajawazito, mama akitamka "nina chango," muuguzi mwenye kujua hamwandikii chochote mpaka amwulize maswali matatu zaidi, maana mama mmoja ana maana ya maumivu ya hedhi ya zamani, wa pili ana maana kwamba mimba haikai, na wa tatu ana maana kwamba ameambiwa hivyo na mkunga wa kijijini na hataki kupingana naye. Daktari kijana huandika "maumivu ya tumbo," akageuka. Darasa lilinyamaza. Mimi nina shahada ya uzamivu katika lugha hii, na nilikuwa nikiandika upesi kuliko wanafunzi wote.

Yako pia yasiyopendeza. Watu wazima hukosa masomo kuliko vijana, si kwa uvivu, bali kwa misiba, wagonjwa na zamu. Kijana akifiwa na jirani hutuma salamu. Mtu mzima huenda kukaa matangani, na asipokwenda atatajwa. Kanuni za mahudhurio hazijui matanga. Sisemi zifutwe, wala sitaki mtihani wao uwe mwepesi. Muuguzi mwenyewe angekasirika. Nasema tu kwamba saa za darasa zipangwe na mtu aliyewahi kupanda daladala saa 11 jioni kutoka kazini.

Sasa yuko mwaka wa 3, na tasnifu yake inahusu maneno ambayo mama wajawazito huyatumia kueleza maumivu, pamoja na jinsi yanavyoandikwa kwenye kadi. Sura ya 2 iko juu ya meza yangu, imejaa wino mwekundu, mwingi wake kwa sababu ya alama za mkato. Ameomba niirudishe kabla ya Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi ana zamu ya usiku, na usiku, akina mama wakilala, ndipo huandika.