Nguruwe kwa matofaa: chakula cha Kusini mwa Marekani katika nyumba ya Mkongo

Ninawaandikia kutoka Lexington, jimbo la Kentucky, ninyi wasomaji wa Uvira, Baraka, Fizi na ninyi mnaotufuata kutoka kambini. Kwa kawaida ninawaletea habari za vikao vya jamii yetu huku, harusi, misiba na wageni wapya waliofika. Leo ninawaletea habari ya jikoni, kwa sababu kuna swali linalorudi kila wiki katika ujumbe wenu: "Huko mnakula nini?"

Wengine mnafikiri tunakula mkate wenye nyama ndani asubuhi hadi jioni. Hapana. Bugali tunasonga. Sombe tunaipata ikiwa imegandishwa katika maduka ya Waafrika, na ndagala zinafika zikiwa zimekauka vizuri. Lakini mtu akiishi mahali miaka mingi, sufuria yake nayo inajifunza lugha ya pale. Yangu imejifunza kupika bega la nguruwe kwa matofaa, yale matunda ambayo kwetu tunayaita pomu.

Kentucky inahesabiwa kati ya majimbo ya Kusini. Watu wa huku wanapotamka neno hilo, Kusini, hawasemi juu ya ramani tu. Wanasema juu ya namna ya kuishi, na namna ya kula hasa: nyama ya nguruwe, mkate wa unga wa mahindi, mboga za majani zilizopikwa muda mrefu, viazi vitamu, kunde. Msomaji ataona kwamba orodha hiyo haiko mbali na soko la Kavimvira. Kunde na bamia, ile tunayoiita dongodongo, zilitoka Afrika na kuvuka bahari wakati wa biashara ya watumwa. Nguruwe waliletwa na Wazungu. Mhispania Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539, na tangu hapo wakazaana mpaka wakawa nyama ya kila nyumba ya Kusini.

Kinachomshangaza Mkongo ni tunda. Kwetu tunda ni la mtoto anayetoka shule, au la mgonjwa. Haliingii katika sufuria ya nyama. Mara ya kwanza jirani yangu, mama mzee Mmarekani Mweusi ambaye watoto wangu wanamwita bibi, aliponiletea sahani ya nguruwe na vipande vya matofaa juu, nilidhani amechanganya chakula na kitu cha kula baadaye. Akacheka, akanieleza. Nyama ya nguruwe ina mafuta mengi, na mafuta yanachosha ulimi. Tofaa lina uchachu na utamu, linayakata yale mafuta, na mtu anaweza kula bila kuona kichefuchefu. Halafu kuna sababu ya majira. Zamani, kabla ya frigo, nguruwe walichinjwa baridi inapoanza ili nyama isioze, na wakati huo huo matofaa yamejaa katika ghala. Vitu viwili vinavyoiva pamoja vinapikwa pamoja. Kiangazi mapichi ya Georgia na South Carolina yanapofika sokoni, wanafanya vile vile na mapichi. Na mwaka mzima kuna jamboni kwa nanasi.

Hayo ni mambo ya ulimi. Jambo lililonifanya niandike ni lingine.

Baba yangu alifika hapa mwaka 2023 kutoka Nyarugusu, baada ya miaka mingi ya kungojea. Nyumbani hakula nguruwe. Si kwa sababu ya dini. Kila nilipopika alisema ameshiba, akachukua bugali na maharagwe. Mimi nilijua sababu, lakini watoto wangu hawakuijua, na yeye hakupenda kuisema.

Ninyi mnaofuga mnaelewa bila kuelezwa. Kwetu nguruwe si nyama, ni minervali. Miaka ile ya Mobutu ya mwisho, mshahara wa walimu haukufika, na wazazi ndio waliokuwa wakilipa ili mwalimu aingie darasani. Baba alikuwa na nguruwe jike mmoja katika banda la mbao nyuma ya nyumba. Alipozaa, kila mtoto wa nguruwe alikuwa na jina la mtoto wa watu: huyu wa yaya, huyu wangu, huyu wa mdogo wetu. Muhula ukikaribia, mmoja anatoka bandani, na sisi tunaingia darasani. Hatukumchinja hata mmoja. Nyama ya nguruwe niliionja kwenye harusi za watu.

Oktoba 1996 vita ilipoingia Uvira, nilikuwa darasa la tano. Tulipoondoka kuelekea ziwani, baba alirudi nyuma peke yake akafungua mlango wa banda, ili wanyama wasife kwa njaa ndani. Kisha akatufuata. Tulivuka mpaka Kigoma, halafu Nyarugusu. Shule yangu iliendelea kambini, lakini kwa baba ile hesabu ilibaki imesimama pale mlangoni mwa banda.

Sasa fikirini mzee huyo ameketi Lexington, siku ya Alhamisi ya mwezi wa kumi, na binti yake anatoa katika oveni bega zima la nguruwe, kilo mbili na mfupa wake. Akaniuliza:

"Mama, leo ni sikukuu gani?"

"Hakuna sikukuu, baba. Ni Alhamisi."

"Na hii nyama yote? Nani atailipa?"

Nikamwambia imekwisha kulipwa, dola 9, na dola 9 ni chini ya saa moja ya kazi yangu ghalani. Alinyamaza. Nilielewa kwamba jibu langu halikumfurahisha. Kitu kilichobeba mwaka mzima wa shule kilikuwa kimekuwa kitu cha saa moja.

Siku hiyo yule jirani alikuwa mezani nasi, kwa sababu mboga alizileta yeye: majani mapana ya jamii ya kabichi, yaliyopikwa saa mbili kwa mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Watoto walitafsiri. Baba akamwuliza, kwa heshima, kwa nini watu wa Kusini wanapenda mnyama huyu hivi. Bibi akasema: watu wake hawakuchagua. Wakati wa utumwa walipimiwa chakula, na kilichopimwa kilikuwa unga wa mahindi na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Mengine waliyatafuta wenyewe katika bustani ndogo usiku.

Hilo si hadithi ya mezani tu. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland kisha akatoroka, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1845 kwamba mtumwa mkubwa wa shamba alipewa kwa mwezi ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki wa kiasi hicho, pamoja na kipimo kimoja cha unga wa mahindi. Ratili 8 hazifiki kilo 4. Kwa mwezi mzima, kwa mtu anayelima tangu alfajiri.

Baba aliposikia neno "walipimiwa" aliinua kichwa. Mtu aliyekaa kambini anajua neno hilo kwa mwili wake. Unga wa mahindi, maharagwe au mbaazi, mafuta, chumvi, foleni, kadi. Mtumwa na mkimbizi si kitu kimoja, na baba mwenyewe alilisema hilo: sisi hakuna aliyetuuza. Lakini alitazama ile meza tena, mkate wa mahindi, mboga, nyama na matofaa, akasema: "Basi hawa walichukua rasheni, wakaifanya chakula cha wageni." Akavuta sahani.

Alianza na tofaa, kwa tahadhari, kama mtu anayepima maji kwa mguu. Kisha nyama. Na alipokuwa akila ndipo alipowaeleza wajukuu wake habari ya banda, ya watoto wa nguruwe wenye majina yetu, na ya mlango alioufungua. Kijana wangu mkubwa, anayelalamika kila asubuhi kwa sababu ya basi la shule, alisikiliza bila kugusa simu. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia. Baba alikula sahani mbili.

Sasa niwape namna ya kupika, kwa sababu najua kuna watakaoniuliza.

Nunua bega, si mgongo. Mgongo unakauka upesi, bega lina mafuta ndani yake na bei yake ni ndogo. Usiku wa kuamkia siku hiyo lipake chumvi, pilipili manga na vitunguu saumu vilivyopondwa, liweke katika frigo. Kesho yake likaange kila upande kwa mafuta kidogo mpaka liwe na rangi ya kahawia. Litoe. Katika mafuta hayo hayo kaanga vitunguu vitatu vikubwa, mimina bilauri mbili za maji ya matofaa, vijiko viwili vya siki na kijiko kimoja cha sukari ya kahawia. Rudisha nyama, funika vizuri, tia katika oveni ya digrii 150 kwa saa tatu na nusu hivi. Nusu saa ya mwisho ndipo unapotia matofaa manne yaliyokatwa vipande vinene. Ukiyatia mwanzoni yatakuwa uji. Nyama imeiva uma unapoingia na kutoka bila kubishana.

Uvira hakuna haja ya oveni. Tumia sufuria nzito yenye kifuniko, mbabula, na makala machache ili moto uwe mdogo, ukiweka makala mawili matatu juu ya kifuniko. Ongeza maji kidogo kila yanapopungua. Mahali pa tofaa tia nanasi au embe lisiloiva sana, nalo mwishoni. Usilaze nyama usiku mzima ndani ya nanasi bichi, itakuwa laini kama imetafunwa. Pilipili ni hiari yako. Baba anasema bila pilipili chakula hiki kina nusu ya akili.

Na neno moja la afya, hasa kwa wale wanaonunua nyama kwa watu wanaoacha nguruwe watembee ovyo mtaani. Nyama ya nguruwe iive kabisa. Ukiona ndani yake vipunje vyeupe kama mchele, usiinunue: hao ni tegu. Nguruwe huwapata kwa kula kinyesi cha mtu, na mayai ya tegu yakiingia mwilini mwa mtu yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Banda lililofungwa na choo kilichofunikwa vinalinda jamaa nzima. Msomaji asiyekula nguruwe, kwa dini au kwa sababu nyingine, atumie mbuzi. Embe halina ubaguzi.

Nilipomwambia mdogo wangu wa Uvira kwamba nitaandika habari hii, alinipigia simu siku hiyo hiyo. Anafuga nguruwe wawili. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini binti yake yuko sekondari, na sekondari bado inalipwa. Akaniuliza: "Yaya, watu wakisoma hayo, si watoto watatusumbua tuchinje?"

Kwa hiyo ninawaandikia wazi, na baba aliyekaa hapa karibu yangu anaitikia kwa kichwa. Nguruwe wa minervali asiguswe. Nendeni kwa mchinjaji mkanunue kilo moja, na nanasi moja. Inatosha watu watano, na mtoto kesho yake ataingia darasani.