Tisa ya Kumi

Mwaka 2008 nilikuwa nafanya kazi kwenye sheli moja mjini Des Moines, jimbo la Iowa, zamu ya jioni. Kazi niliyoichukia kuliko kuzoa theluji ilikuwa kubadili bei kwenye bango la barabarani. Meneja akishapigiwa simu, mimi huyo nje na ufito mrefu wenye kikombe cha mpira nchani, nabandua tarakimu kule juu, napachika nyingine, upepo nao unanipokonya. Na mwaka ule bei haikutulia. Julai wastani wa nchi nzima ulipita dola 4 kwa galoni. Mwaka haujaisha, ukaporomoka chini ya dola 2. Tarakimu moja tu sikuwahi kuigusa: ile 9 ndogo ya pembeni, juu ya 10, iliyochapwa moja kwa moja kwenye bango.

Ni tisa ya kumi ya senti. Bango likisema 3.59, pampu inahesabu 3.599. Sarafu ya kulipia kipande hicho haipo. Marekani iliacha kutengeneza hata nusu senti mwaka 1857.

Mkia huu ni wa zamani. Oregon ilianza kutoza kodi ya petroli, senti 1 kwa galoni, mwaka 1919, na mwaka 1932 serikali kuu ikaongeza senti 1 yake. Wakati huo galoni ilikuwa chini ya senti 20, kwa hiyo senti nzima ya kodi ilikuwa pesa ya kugombaniwa, na sehemu ya senti ilitosha kumvuta mteja kutoka kwa jirani.

Siku zangu ilikuwa hesabu nyingine. Anayejaza galoni 10 kwa 3.599 analipa 35.99, ameokoa senti moja kwenye dola 36. Lakini ukiufuta mkia, ukauza kwa 3.59 kamili, umeachia senti 9. Sheli inayouza galoni 4,000 kwa siku itakuwa imepoteza dola 36, na kwa mwaka zaidi ya 13,000. Nani atafuta?

Wateja wala hawakuuliza. Wengi waliingia, wakaweka noti kaunta: ishirini, pampu ya nne. Sawa na kwetu Tanga, mtu anamwambia muuzaji amtilie ya elfu tano. Anayenunua kwa pesa badala ya kipimo hana haja na tarakimu ya mwisho.

Mzee mmoja, mteja wa kahawa wa kila jioni, ndiye aliyeniambia kwamba Iowa iliwahi kuipiga marufuku ile tisa mwaka 1985, kisha ikairuhusu tena 1989. Nikamuuliza kama katikati hapo mafuta yalipungua bei au yalipanda. Akasema hata hakumbuki, yeye alikuwa anajaza ya dola kumi.