Miaka 3 Sehemu Moja

Vijana wenzangu, wanaonijua hapa Juba wanajua chafya zangu. Mvua zikikaribia kuisha, nyasi zikitoa maua, mimi huanza: macho yanawasha, pua inatiririka, usiku kifua kinabana. Kule Kakuma nilikokulia ilikuwa mathenge ikichanua. Kwenye matatu watu husogea mbali wakidhani ni TB. Hapana, ni aleji ya chavua, ule unga wa maua unaobebwa na upepo.

Chavua haina ubaya, lakini mwili wangu haukubali. Kuna seli za kinga zinazoitwa Th2. Hizo huziamsha seli B zitengeneze kingamwili iitwayo IgE, ambayo hujibandika kwenye seli za masti, puani na kifuani. Chavua ikirudi, seli hizo humwaga histamini, basi chafya juu ya chafya.

Vidonge vya aleji hutuliza dalili tu. Lakini iko tiba inayofundisha kinga yenyewe. Leonard Noon aliandika habari zake London mwaka 1911: aliwadunga wagonjwa chavua ya nyasi kidogo sana, akaongeza polepole. Leo inajulikana kinachotokea ndani. Seli T za kudhibiti huongezeka na kuzituliza zile Th2. Kingamwili nyingine, IgG4, huidaka chavua kabla haijafika kwa IgE. Seli za masti nazo haziwaki ovyo tena.

Shida ni muda. Ni sindano, au vidonge vya chini ya ulimi, kwa kama miaka 3. Kila ukidungwa unakaa kliniki nusu saa, na adrenalini iwe karibu, maana mwili unaweza kushtuka vibaya. Miaka 3 sehemu moja! Nani kati yetu ana uhakika huo? Kinga hujifunza kwa kurudiarudia, na ukikatiza mapema, faida inaweza kupotea.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunaomba jambo moja: kijana akihama, rekodi zake za matibabu zihame naye. Kuanza upya kila kambi kunachosha, hata kwa pumu ya kawaida.

Na wewe unayekohoa kila msimu, usizoee. Nenda upimwe. Mimi tiba hiyo ya miaka sijaipata, ila nina pampu yangu ya pumu, na sai nalala usiku.