Mlango wa Wageni

Kabla ya kuingia seminari nilisomea uchoraji wa ramani za majengo. Ndiyo maana parokia moja ya Dodoma yenye shamba la mizabibu iliniomba niichoree nyumba ndogo ya wageni kuonjea divai. Nilikubali kwa furaha, na kwa majivuno kidogo.

Madirisha niliyaelekeza kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani. Kuta nilizipa rangi nyeupe, ili rangi ya divai ionekane vizuri kwenye glasi. Mlango wa wageni niliuweka mbali na chumba cha kukamulia, wasikutane na maji na maganda. Mama mmoja anayekamua zabibu pale aliitazama ramani, akauliza, “Frateri, na sisi tupo wapi hapa?” Nikamjibu kwamba wao wana mlango wa nyuma. Akanyamaza.

Likizo iliyofuata nilikwenda Pemba kwa kaka yangu. Akanipeleka Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo. Nilitaka kwenda moja kwa moja kwenye chupa. Mzee aliyetupokea akacheka, “Taratibu, mwanangu. Huko ni mwisho.” Akatupitisha kwenye marundo ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Tukaona moto, na matangi ambamo mvuke hupita kwenye makonyo na kubeba mafuta yake. Mvuke ukipozwa, hurudi kuwa maji, na mafuta ya karafuu, kwa kuwa ni mazito zaidi, hutuama chini. Kila mahali alitutambulisha kwa wafanyakazi kwa majina. Nilipofunguliwa chupa mwishoni ninuse, nilijua imetoka mikononi mwa nani.

Mzee yule ni Mwislamu. Habari za divai sikumweleza. Lakini alinisahihisha. Katika Misa, tunapoandaa vipaji, tunamshukuru Mungu kwa tunda la mzabibu na pia kwa kazi ya mikono ya watu. Mimi mikono hiyo nilikuwa nimeificha nyuma ya ukuta.

Niliporudi nilichora upya. Sasa mgeni anaingilia shambani, anapita penye kukamulia, anasalimiana na watu, kisha anavuka kibaraza chenye upepo ili harufu ya uchachu isimfuate mezani. Nikamwonyesha yule mama. Aliweka kidole kwenye chumba cha kukamulia. “Hapa ongeza dirisha, Frateri. Joto linatuumiza.”

Nimeongeza mawili.