Kaa, Tuanze Upya

Jioni ile Kiswere nilihamisha sauti ya bibi kutoka kwenye kinasa sauti kwenda kwenye diski ya kompyuta. Kompyuta ikasema tayari, nikafuta kinasa. Kesho yake faili likagoma: saa mbili za simulizi, katikati makelele matupu.

Nikalaumu umeme. Nikabadilisha waya, wapi! Nikanakili faili jingine mara tatu, nikalinganisha nakala: hazikufanana. Kwenye kumbukumbu za Linux kukawa na mstari unajirudia: WRITE FPDMA QUEUED, amri ya kuandika iliyokwama foleni.

Diski ya SATA inaweza kupokea hadi amri 32 kwa pamoja, kisha ikazipanga yenyewe ili kichwa chake kisihangaike kwenda na kurudi. Ni kama konda: anashusha abiria kwa kufuata vituo, hajali nani alipanda kwanza. Mpango mzuri, ila programu ya ndani ya diski ikiwa na kasoro, abiria anaweza kupotea njiani na konda akaapa kamfikisha.

Nikapunguza foleni hadi amri 1. Mwendo ukawa wa kobe, lakini nakala zikafanana. Simulizi ya bibi haikurudi.

Nikaenda kwake. "Shikamoo bibi. Nimepoteza maneno yako."

"Marahaba. Mimi sijayapoteza. Kaa."

Akaanza upya. Haikuwa ile ile. Mengine aliyaruka, mengine sikuwahi kuyasikia. Safari hii sikufuta kitu mpaka niliposikiliza nakala hadi mwisho.