Staringi Hafi, Sasa Tunaogopa Nini?

Wacha niseme kitu kitakachonikosanisha na watu mapema: muvi za mabilioni zimeacha kunitisha. Si kwamba nimezichoka. Bado nanunua tiketi, bado nakaa hadi majina yote yapite nikingoja kile kipande cha mwisho, na ukianzisha ubishi wa nani angemshinda mwenzake kati ya Batman na Iron Man naweza kuacha ugali upoe. Shida ni moja. Siku hizi jiji likianza kuanguka kwenye skrini, maghorofa yakikunjana kama maboksi, mi najipata nikiangalia saa.

Hebu fikiria hiyo hasara. Msee ametumia zaidi ya dola milioni 200 kunionyesha mwisho wa dunia, na mimi nawaza kama matatu za kwenda mtaani zitakuwa zimepandisha nauli.

Wengi husema shida ni kompyuta, ati picha zimekuwa bandia sana. Wengine wanasema muvi ni nyingi mno, zinafuatana kama foleni ya Jogoo Road. Mi naona shida iko mahali pengine, na ni kitu tulichokijua tangu tukiwa watoto.

Kama ulikulia mtaa kama wangu, Kayole, unajua vibanda vya video. Mabati, mabenchi ya mbao, blanketi mlangoni la kuzuia mwanga, televisheni moja juu ya kabati, na sauti ya DJ Afro ikitupeleka kwenye muvi za ngumi na bunduki kwa Kiswahili cha mtaa. Huko ndiko tulikojifunza kanuni ya kwanza ya sinema: staringi hafi. Staringi ni yule shujaa mkuu. Anaweza kupigwa risasi, akatupwa mtoni, akafukiwa kabisa, na mtoto wa darasa la pili angekwambia utulie. "Huyo ni staringi, atarudi."

Sasa jiulize. Kama sote tulijua hafi, kwani tulikuwa tunapiga kelele za nini? Mbona kibanda kizima kilinyamaza jambazi alipoingia kwa mlango wa nyuma?

Kwa sababu hatukuwa tunamwogopea staringi. Tulikuwa tunamwogopea mdogo wake. Yule mzee aliyemfundisha kupigana, ambaye akianza tu kutoa mawaidha ulijua hafiki jioni. Yule rafiki mcheshi aliyetoa picha ya mchumba mfukoni. Kanuni ilisema staringi hafi; haikusema lolote kuhusu watu wake. Woga wote ulikaa hapo.

Muvi za bajeti kubwa zimekuza kila kitu isipokuwa hicho. Zilianza na ndugu mmoja, zikaenda kwa jiji, zikaenda kwa dunia, sasa ni ulimwengu mzima pamoja na ulimwengu mwingine ulio kando yake. Na kadiri idadi inavyopanda, ndivyo sura zinavyopotea.

Chukua Man of Steel ya 2013. Mi niliiangalia nyumbani, mathe akiwa hapo anachambua mboga na kutupia jicho mara moja moja. Superman na Zod wakaanza kurushana. Wakapita ndani ya ghorofa moja, wakapita la pili, vumbi likafunika Metropolis yote. Mathe akauliza, "Na wale walio ndani?" Nikamwambia muvi haijasema. Akanyamaza kidogo. "Sasa huyu anaokoa nani?"

Usidhani hilo ni swali la mtu asiyeelewa sinema. Tarehe 7 Agosti 1998 mathe alikuwa anauza duka la vitambaa River Road, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, nimeachiwa shosho. Asubuhi hiyo bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Jengo la Ufundi lililokuwa kando yake likaporomoka. Watu 213 walikufa hapa Nairobi na maelfu wakaumia. Wengi waliumizwa macho na vioo, kwa sababu waliposikia mlipuko wa kwanza walikimbilia madirishani kuona kuna nini. Mathe alirudi nyumbani kwa miguu, amejaa vumbi, viatu mkononi.

Lakini skiza hii. Akisimulia siku hizo, hasimulii juu ya 213. Anasimulia juu ya Rose. Wakenya wa rika lake wanamjua: mwanamke aliyefukiwa chini ya kifusi cha Ufundi, akawa anaongea na waokoaji huku nchi nzima ikisubiri habari zake redioni. Alifariki kabla hawajamfikia. Mathe hakuwahi kumwona hata siku moja. Miaka yote hii imepita, na bado akimtaja, sauti yake inashuka.

Moyo wa mtu ndivyo ulivyo. Hauwezi kubeba 213 kwa mpigo. Unabeba mmoja, na kupitia huyo mmoja unaanza kuelewa uzito wa wale wengine. Kwa hivyo muvi ikiniangushia jiji zima bila kunijulisha hata mtu mmoja wa jiji hilo, haijanipa msiba. Imenipa hesabu.

Tuwe wa haki, Hollywood walisikia hizo lawama. Batman v Superman ya 2016 inaanza na vita vilevile vya Metropolis, lakini safari hii tuko chini barabarani na Bruce Wayne, anakimbia kuelekea kwenye vumbi wakati kila mtu anakimbia kutoka. Kwangu hizo dakika chache zinashinda muvi yote iliyobaki. Mwaka huohuo Captain America: Civil War ikamleta mama mmoja anayemsimamisha Tony Stark na kumpa picha ya mwanawe aliyefia Sokovia. Mama mmoja na picha moja, na Tony anatoka pale akiwa mtu mwingine.

Ila hata hiyo Civil War ina kitu kinachoniuma. Vurugu zake za kwanza zinatokea Lagos, mlipuko unapasua jengo, watu wanakufa. Halafu taarifa ya habari ndani ya muvi inatuambia kwamba miongoni mwa waliokufa walikuwa Wawakanda 11. Wawakanda! Watu wa nchi ya kubuni wamehesabiwa hadi wa mwisho. Wanaijeria waliokuwa kwenye shughuli zao, kwenye jiji lao la ukweli, hatupewi hata jina moja. Ukiwa Mwafrika umekaa kwenye giza la sinema, hicho unakiona haraka kuliko hata ngumi.

Najua kuna mtu tayari anataka kunijibu na Endgame. Ati pale staringi alikufa, na ukumbi mzima ukalia. Kweli kabisa. Ile muvi ya 2019 iliingiza karibu dola bilioni 2.8 na mimi nilichangia yangu. Lakini kumbuka ulilia kwa ajili ya nini. Mwaka mmoja kabla, kwenye Infinity War, Thanos alikuwa ameua nusu ya viumbe vyote kwa kupiga vidole, na wengi wetu tulitoka tukibishana jinsi watakavyorudishwa. Kwa Tony tulilia, manake tulikuwa tumeona nyumba yake kando ya ziwa na binti yake mdogo anayegoma kulala. Nusu ya ulimwengu ilikuwa habari. Msiba ulikuwa wa yule mtoto.

Halafu wakaharibu. Hugh Jackman alikuwa ameagwa vizuri sana kwenye Logan ya 2017, kwa kaburi na kila kitu. Mwaka wa 2024 Wolverine akarudi, kwa sababu siku hizi kuna walimwengu wengi na kila mmoja una Wolverine wake. Na mwezi huohuo wa saba tukatangaziwa kwamba Robert Downey Jr. mwenyewe anarudi, safari hii kama Doctor Doom. Vibandani staringi hakuwa anakufa. Sasa hata akifa hafi. Sawa, biashara ni biashara. Lakini ukinionyesha kwamba kifo kinaweza kufutwa kila studio ikihitaji pesa, usinishangae nikiangalia saa.

Kuna wanaosema, "Ni burudani tu, wacha kuumiza kichwa." Mi sipingi burudani. Nataka ifanye kazi. Kuogopa ni nusu ya raha ya hizi muvi, na ile stimu ya shujaa kufika dakika ya mwisho haiji kama hujali anamfikia nani.

Na msiniambie ni pesa. Godzilla Minus One ya Wajapani, ya 2023, inasemekana iligharimu chini ya dola milioni 15, ikaenda ikabeba Oscar ya ufundi wa picha za kompyuta mbele ya muvi zenye bajeti mara kumi na zaidi. Huyo Godzilla wao anatisha kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Si kwa sababu ya meno. Ni kwa sababu kabla hajaingia mjini, tumekaa na rubani mmoja aliyerudi kutoka vitani na aibu yake, mwanamke mmoja na mtoto yatima, wakijenga upya kanyumba kao baada ya vita. Hawana undugu wa damu, wanashiriki sufuria moja tu. Jitu likitia mguu mjini, huoni majengo. Unawatafuta hao watatu.

Hata Superman wa 2025 alijaribu, na nitampa sifa zake. Katikati ya vita na dude kubwa kama ghorofa, jamaa anasimama kuokoa kindi. Kindi! Kuna watu waliocheka, na ni sawa kucheka. Lakini mi nilikaa vizuri kwenye kiti. Shujaa akishahesabu hata kindi, najua kwamba kila dirisha la hilo jiji lina mtu nyuma yake, na kwamba yeye analijua hilo.

Sasa turudi nyumbani kabisa, maana mfano ninaoupenda zaidi wa muvi ya shujaa mwenye nguvu za ajabu ni wa Kenya. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa, anapenda muvi za mapigano, anataka kuwa supahiro, na ni mgonjwa wa ugonjwa usioponyeka. Mamake anamtoa hospitalini anamleta nyumbani. Kijiji kinaamua kumsaidia kuwa shujaa kwenye muvi yake mwenyewe. Hakuna jengo hata moja linaloanguka. Hakuna anga linalopasuka. Kuna msichana mwenye kitambaa mgongoni na kijiji kinachojifanya kuamini.

Na hapo ile kanuni ya kibanda inageuzwa juu chini. Toka mwanzo unajua staringi huyu atakufa, na hakuna ulimwengu wa pili wa kumrudisha. Ndiyo maana kila dakika anayocheka ina bei. Niliiangalia na jamaa zangu wawili wanaojiita wagumu, na baada ya kuisha hakuna aliyetaka kuwasha taa kwanza.

Hii ndiyo sababu naandika haya yote. Tumezoea kuambiwa kwamba huku kwetu hatuwezi kufanya muvi za namna hii kwa sababu hatuna zile dola. Ni kweli hatuna. Hatuwezi kuangusha Upper Hill kwa kompyuta ikaonekana kama Metropolis. Lakini kile kinachofanya kuanguka kuume hakiuzwi Hollywood. Ni kumfanya mtazamaji amjue yule mama wa mahindi choma kwenye kona, ajue anamsomesha nani, ajue anafunga saa ngapi, kabla hujaleta hilo jitu lako barabarani. Kama unaandika skripti usiku kwenye simu kama mimi, anzia hapo. Hiyo sehemu ni bure.

Na wewe mtazamaji, safari ijayo kabla ghorofa la kwanza halijaanguka, jaribu kutaja jina la mtu mmoja tu anayeishi kwenye hilo jiji ambaye si shujaa wala jambazi. Ukimpata, shikilia kiti. Ukimkosa, hujakosa mengi ukienda kununua soda.