Chakula Rahisi cha Dakika 30

Kila mwaka katika mafundisho ya kipaimara huwauliza vijana swali lile lile kuhusu Sala ya Bwana: mkate wa kila siku maana yake nini? Nao hujibu kama tulivyofundishwa na Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, kwamba si chakula peke yake, bali ni kila kitu mwili unachohitaji, tangu mavazi na nyumba hadi majirani wema. Nimefundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka 15. Lakini sikuwahi kuuliza swali linalofuata: huo mkate hufikaje mezani?

Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, mama mkwe wangu alipata kiharusi. Mke wangu akafunga mzigo, akapanda gari kwenda Mbinga, kisha Songea, hadi Njombe, ili amuuguze mama yake. Tulidhani ni wiki mbili. Akakaa miezi saba. Nyumbani nilibaki na watoto watatu: binti wa darasa la saba, mdogo wake wa darasa la nne, na kitinda mimba wa miaka mitano.

Sisi Walutheri huku Maguu ni wachache. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki, na kule chini kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa Waanglikana ni wengi. Waumini wangu wametawanyika milimani, kwa hiyo nilikuwa natoka asubuhi na pikipiki na kurudi jua likizama. Kila jioni nilikuta ugali na mboga mezani, vimefunikwa sahani. Niliinamisha kichwa, nikamshukuru Mungu kwa chakula, nikala. Sikuuliza kilipikwa saa ngapi, wala kuni zilitoka wapi.

Mwezi wa Machi mwalimu wa binti yangu alinisimamisha njiani. Alinisalimia kwa heshima, kisha akasema, “Mchungaji, samahani sana. Binti yako analala darasani. Mtihani wa taifa ni Septemba.”

Siku ile nilirudi mapema. Nilimkuta jikoni anapuliza moto, macho mekundu kwa moshi, na daftari lake la Hisabati limefunguliwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimehubiri kuhusu Martha na Mariamu, Luka sura ya 10. Niliwahimiza akina mama wasizame kwenye shughuli za jikoni hadi wakakosa muda wa kuketi miguuni pa Bwana. Ilikuwa mahubiri mazuri, watu walinipongeza. Kumbe nyumbani kwangu nilikuwa nimemfanya mtoto wa miaka 13 kuwa Martha, na mimi nikawa mgeni anayekula.

Nilimwambia, “Nenda kasome, mwanangu. Kuanzia leo napika mimi.”

Alinitazama kwa muda. “Baba, unajua?”

Sikujua. Nyumbani kwetu mvulana hakukaribia mafiga, na nilipokuwa chuoni Makumira tulikula kwenye bwalo. Nikakumbuka kwamba mke wangu ana majarida ya zamani kwenye kabati, na kurasa za mwisho huwa na mapishi. Nilipata moja lenye kichwa kilichonipa moyo: chakula rahisi cha familia, dakika 30 tu.

Nilianza na wali wa mboga. Jarida lilisema vikombe viwili vya mchele na vikombe vinne vya maji. Mchele niliupima kwa kikombe cha chai, maji nikayapima kwa kile kikombe kikubwa cha bati tunachonywea uji. Nikafuata maelekezo yote, hata yale ya kukata karoti vipande vidogo sawasawa. Ukawa bokoboko. Kitinda mimba alionja, akafikiri, akasema, “Baba, uji huu una chumvi.” Tukaula kwa vijiko.

Mapishi mengine yalinishinda hata kabla ya kuanza. Moja lilitaka oveni, jingine jibini. La maharage lilianza kwa maneno ya kufungua kopo la maharage yaliyokwisha kuiva. Nilicheka peke yangu. Hapa Umatengoni maharage hutoka kwenye ngoro, yale mashimo ya milimani ambayo babu zetu walibuni ili mvua isichukue udongo. Kopo huku hatulijui, tunalijua gunia. Nikaamua kufuata mapishi yale yale kwa maharage ya gunia, nikayabandika saa 12 jioni. Hadi saa 3 usiku yalikuwa yanagonga kwenye sufuria kama kokoto. Watoto walilala kwa chai na viazi vya kuchemsha.

Kesho yake mama mmoja wa umoja wa wanawake alisikia habari hiyo, nadhani kutoka kwa kitinda mimba wangu, ambaye hana siri. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akautua, akasema bila kunitazama sana, “Mchungaji, maharage unayachagua mchana, unayaloweka usiku, unayabandika asubuhi. Moto uwe mdogo. Na usiyaache yakakaukiwa.” Akajitolea kumleta mjukuu wake wa kike aje kutusaidia. Nilimshukuru kwa kuni na kwa somo, lakini mjukuu nilimkataa. Na yeye alikuwa mwanafunzi. Ningekuwa nimeuhamisha mzigo kutoka mgongoni mwa binti yangu na kuubandika kwa binti wa mwingine.

Hapo nilianza kuelewa lile neno “rahisi.” Chakula huwa rahisi pale mtu mwingine anapokuwa amekwisha kukihangaikia. Ameyachagua mawe, ameteka maji, ameloweka tangu jana. Anayekuja baadaye huona dakika 30 tu. Mimi nilikuwa nimeziona hizo dakika 30 kwa miaka 16 ya ndoa, nikadhani ndiyo kazi yote.

Si wote waliopendezwa. Jioni moja mzee wa kanisa alikuja kuhusu hesabu za sadaka, akanikuta nimechuchumaa motoni, na binti yangu yuko ndani anasoma. Alisimama mlangoni. “Mchungaji, una binti mkubwa ndani. Watu watasema nini?”

Nilimkaribisha kigoda. Nikamkumbusha jinsi tunavyolima ngoro: kwa desturi mwanaume hufyeka nyasi na kuzipanga, mwanamke hufukia kwa udongo na kuchimba mashimo. Nikamuuliza, mama akiugua katikati ya msimu, baba huliacha shamba liharibike kwa sababu jembe si zamu yake? Alinyamaza, kisha akasema, “Shamba ni shamba, jiko ni jiko.” Tukaendelea na hesabu. Hatujakubaliana hadi leo, ingawa siku ile alikula maharage yangu, na aliongeza.

Usiku huo nilikumbuka jambo ambalo tulisoma Makumira. Mwaka 1522 Luther aliandika kitabu kuhusu maisha ya ndoa, na ndani yake anamzungumzia baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka. Luther anasema Mungu na malaika zake hufurahi, kwa kuwa baba yule anafanya kazi hiyo kwa imani. Tulicheka darasani tuliposoma. Kwenye mtihani niliieleza vizuri na nikapata alama nzuri. Lakini sikuwahi kufua nepi hata moja.

Jambo kubwa lilitokea mwezi wa Mei, na lilitokea kwenye ungo. Wachuuzi walikuwa wamepandisha dagaa wa Nyasa kutoka Mbamba Bay, nikanunua kilo moja. Jarida lilitaka tui la nazi. Nikapata karanga, nikazitwanga. Binti yangu alikuwa amemaliza kusoma, akaja kukaa karibu nami, tukawa tunachambua dagaa pamoja, tukitoa mchanga na vichwa. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka kwa urahisi zaidi. Akasema, macho yake yako kwenye ungo, “Baba, mimi nilidhani unaona kwamba nachoka. Nilidhani unaona, ila hujali.”

Nimekaa na wafiwa wengi. Nimesikia maungamo mazito. Sijawahi kusikia neno lililonichoma namna hiyo. Ningeweza kujitetea kwa kazi ya Bwana, kwa pikipiki, kwa milima. Huku kwetu mzazi haombi msamaha kwa mtoto, na mchungaji zaidi. Nikamwambia, “Sikuona, mwanangu. Nilipaswa kuona. Nisamehe.” Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye harufu ya dagaa, akasema, “Karanga bado hazijalainika. Lete nitwange.” Nikamwambia, hapana, nitatwanga mimi.

Dagaa wale walikuwa chakula changu cha kwanza ambacho hakuna aliyekicheka.

Mke wangu alirudi Agosti, wakati kahawa inavunwa. Mama yake alikuwa anatembea kwa mkongojo, tunamshukuru Mungu. Nilimpikia dagaa wa karanga. Alikula kimya, kisha akanyosha mkono akachukua chumvi. Baadaye alilikuta jarida lake lina madoa ya mafuta kurasa zote za mwisho. Hakunigombeza. Alilirudisha kabatini. Binti yetu alifanya mtihani Septemba na akachaguliwa kwenda sekondari. Siku za Jumanne na Jumamosi bado napika mimi.

Katika Yohana sura ya 21 Bwana mfufuka anawangoja wanafunzi wake ufukweni. Wamevua usiku kucha, wamechoka. Anapowaita waje kula, moto wa makaa umekwisha kuwashwa, samaki yuko juu yake, na mkate upo. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara nilikimbilia yale maswali kwa Petro kuhusu upendo. Nilikuwa nauruka moto. Ule moto mtu aliuwasha. Aliyeshinda mauti alichuchumaa, akapuliza makaa, akageuza samaki, kwa sababu watu wake walikuwa na njaa. Kisha ndipo akamwuliza Petro kama anampenda, na akamwambia alishe kondoo zake.

Ndugu msomaji, leo jioni utakapoinamisha kichwa mbele ya chakula, mshukuru Mungu. Ukimaliza, fumbua macho umtazame aliyekipika. Mwulize kama amechoka.